Ati "makalio yako ndiyo yamekaa upande"! Huyu fundi siti tumfanyeje?

Mzee wa Klachi:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule fundi siti. Msijifanye hamumjui. Nusu ya pikipiki za mji huu zimepita kwenye cherehani yake, na nusu ya abiria wa mji huu wanatembea kama wametoka jandoni wiki hii. Leo mchana nimemrudishia siti ya Boxer yangu, haina hata wiki mbili tangu aishone, imedidimia katikati unaweza kufugia kambale. Akaibonyeza kwa kidole gumba, mara moja tu, kama anachagua embe. Halafu mbele ya kijiwe kizima:

"Bosi, siti haina tatizo. Makalio yako ndiyo yamekaa upande."

Rudia kusoma. MAKALIO YAKO NDIYO YAMEKAA UPANDE. Muuza mihogo alidondosha koleo kwenye mkaa.

Sasa tuongelee hicho alichokiita siti. Siti inayotoka kiwandani sponji yake humiminwa kwenye kalibu, inatoka kipande kimoja kizito, ukiikandamiza inarudi taratibu. Uzito wake ni kama kilo 50 hadi 60 kwa mita moja ya ujazo. Godoro la kulalia la kawaida ni kilo ishirini na kitu. Huyu bwana anang'oa ile ya kiwandani (na hurudishiwi, sijui anaila), anakata godoro, anapachika matabaka mawili kwa gundi ya viatu. Siku ya kwanza unakaa kama sultani. Siku ya kumi godoro limelala, umekalia kitako chenyewe, ile plastiki ngumu ya chini ya siti, na ile gundi imekauka ikawa ukingo mgumu unaokata paja kama waya wa kibanio. Halafu makalio ndiyo yamekaa upande.

Kaongeza inchi mbili nyuma, mbele hakugusa. Matokeo yake ni mteremko. Kila ukishika breki unateleza hadi kwenye tangi, na wanaume humu wanajua kinachotangulia kugonga tangi. Siti ya dereva inatakiwa iwe bapa, au ipande kidogo sana mbele, ili mwili ubaki palepale mikono isifanye kazi ya kukuzuia.

Mshono sasa. Kaupitisha KATIKATI ya mahali pa kukalia. Kila tundu la sindano ni bomba la mvua. Ndani hakuna nailoni. Mvua inanyesha Jumatatu, Alhamisi jua kali, unakaa, maji yanapanda. Abiria anashuka suruali ina ramani ya Ziwa Tanganyika.

Na pini za kubania kava! Kitako cha plastiki cha siti kina unene wa milimita mbili, tatu hivi. Kapiga pini za milimita 10. Zimetokeza upande wa pili, zinasubiri sponji ilale. Sponji imelala.

Halafu anasema makalio yako ndiyo yamekaa upande. Yangekaaje, Fundi? Yanakwepa pini!

Kijiwe Namba Tatu:
Naomba kiti nikae mbele. Kisiwe cha huyo fundi.

Sprei Nyekundu:
Uzi bila picha haunogi. Tupia picha ya siti. Ya makalio baki nayo.

Daktari wa Cheni:
Mkuu pole, ila na wewe umejitakia. Unampaje mtu siti ya kiwandani aifumue wakati sponji ilikuwa haijafa? Kava likichanika, linabadilishwa kava. Sponji ya kalibu ikididimia sehemu moja, inakatwa sehemu hiyo tu, inajazwa. Huwezi kung'oa nyumba kwa sababu bati linavuja.

Kinachojaziwa si godoro. Ni ile sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa, ile ya rangi rangi kama pilau lililochanganywa na mabaki ya jana. Ngumu, hailali haraka. Unaweka sentimita tatu chini, juu yake sponji laini sentimita moja ili paja lisilalamike. Gundi ipakwe nyembamba pande zote mbili, uache ikauke hadi isishike kidole, ndipo ubandike. Ukibandika mbichi ndipo unapata ule ukingo. Baada ya hapo unasugua kwa msasa au diski ya grenda, taratibu, mpaka mkono ukipita usisikie kona. Nailoni nzito. Kava.

Kava lianikwe juani kwanza lilainike. Pini ya kwanza kwenye pua ya siti, ya pili mkiani, halafu unavuta kulia na kushoto kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya mwingine, mshono unahama na siti inaonekana imepinda. Pini za milimita 6, kila sentimita mbili. Kitako kikiwa cha bati kama kwenye pikipiki za Toyo za zamani, pini haziingii, unakunja yale meno ya bati au unapiga riveti.

Hivyo inawezekana kilichokaa upande ni kava. Au ndiyo yale mengine, sikatai.

Mzee wa Klachi:
@Daktari wa Cheni na wewe uko upande wake? Alibonyeza kwa kidole GUMBA. Kimoja. Makalio ya mtu mzima yanapimwa kwa gumba?

Bi Mkubwa wa Nyuma:
Nyie mnalilia siti, sisi abiria tunalia na kiegemeo. Kuna huyo huyo au pacha wake anatengeneza viegemeo vina urefu wa sentimita kumi na mbili. Hicho si kiegemeo, hicho ni mtego. Kinakupata chini ya kiuno, boda ikiruka tuta unapinduka juu yake kama mtu anayeruka ukuta. Kiegemeo kikufike mgongo wa chini: pedi yake ianzie chini kabisa karibu na siti na ipande walau sentimita 25, na kilale nyuma kidogo, kisisimame wima kama polisi.

Na sisi tunaokaa upande kwa sababu ya gauni au kanga? Ile kona ya bomba inaingia kwenye mbavu. Hata kuivika kipande cha sponji hawawezi. Bolti zimeachwa ndefu, ncha zimetokeza nje ya nati, gauni la harusi linaenda na boda.

Kijiwe Namba Tatu:
Kwa hiyo Bi Mkubwa na yako pia yamekaa upande.

Bi Mkubwa wa Nyuma:
Mwambie mama yako mzaa chema.

Chuma Chakavu:
Bi Mkubwa kasema kweli. Tatizo la viegemeo ni kwamba watu wanachomelea kwenye keria bila kufikiri. Abiria wa kilo 80 akiegemea kwa nguvu, bomba la sentimita 25 linakuwa mtaimbo, mzigo wote unaishia kwenye sentimita mbili za weldi pale chini. Ongeza mtetemo wa injini ya pistoni moja na matuta ya mtaani. Ufa mara nyingi hauanzii kwenye weldi yenyewe, unaanzia pembeni yake, pale chuma kilipoungua. Ukiona mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi, hiyo si kutu, huo ni ufa unapumua.

Dawa yake: bomba la robo tatu inchi lenye ukuta wa milimita mbili, pembetatu za bati nene kwenye kona, na kifungwe kwa bolti nne za milimita 8, mbili mbele na mbili nyuma ya keria, kila moja na washa na nati ya nailoni. Bolti mbili tu za mstari mmoja, kiegemeo kinageuka bembea.

Na jamani, kabla ya kuchomelea TOENI BETRI. Waya wa hasi kwanza. Wengine wanachomelea pikipiki nzima nzima, halafu wanashangaa kichaji kimekufa na taa zinapepesa kama disko. Kibanio cha ardhi kikae sentimita chache kutoka unapochoma. Ukikiweka kwenye injini, umeme unapita kwenye beringi.

Nduthi Mkongwe:
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu shida si kiegemeo peke yake, ni ule mwavuli. Watu wa boda wanafunga mwavuli mkubwa na kiegemeo kwa bolti zile zile za keria. Upepo ukiupiga mwavuli kwa mbele, nduthi (pikipiki) inavutwa nyuma na bolti hizo hizo ndizo zinabeba. Zikilegea, abiria anadhani ni shokapu. Kaza kila wiki, na ukitaka mwavuli uupatie bano zake, usiazime za abiria.

Sprei Nyekundu:
Mwavuli tena? Tulikuwa kwenye makalio.

Kamanda wa Mshikaki:
Mimi napinga uzi wote. Siti ndefu ndiyo siti. Wateja wanataka siti irefushwe mpaka juu ya taa ya nyuma, mnampa fundi masharti ya ajabu, halafu mnalaumu.

Daktari wa Cheni:
@Kamanda wa Mshikaki siti ndefu ni ya kubebea mshikaki (abiria zaidi ya mmoja), na sheria inasema abiria mmoja. Weka sheria pembeni basi, tuongee chuma. Mtu wa tatu anakaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Hapo mbele panakuwa pepesi, hendeli inaanza kuchezacheza, breki ya mbele haishiki vizuri. Kiegemeo kikisogezwa nyuma sana ni hadithi hiyo hiyo hata kwa abiria mmoja: akiegemea, mbele kunanyanyuka. Kisimame pale siti ya kawaida inapoishia, basi.

Manyoya Original:
Hakuna aliyezungumzia kava la manyoya. Lile jeusi lenye vishada. Linapendeza siku moja. Likilowa halikauki, linanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na linateleza juu ya siti kwa sababu limefungwa kwa mpira wa kaptula. Kama lazima, lishonwe mfuko chini wa kuingiza mkia wa siti, na kamba ipite chini ya kitako, si pembeni.

Kijiwe Namba Tatu:
Jeli je? Nasikia kuna siti za jeli.

Chuma Chakavu:
Jeli ni nzuri ikizamishwa ndani ya sponji iliyochimbwa, na juu yake ipite sponji nyembamba. Ukiiweka tu juu inatambaa. Halafu jeli inatunza joto. Egesha saa saba mchana Dar, kava jeusi, urudi ukae. Utasimama mwenyewe bila kuambiwa.

Bi Mkubwa wa Nyuma:
Kuna kitu kimesahaulika. Vile vibonge vya mpira chini ya siti. Fundi akitoa siti vinadondoka, havirudi. Siti inakaa moja kwa moja kwenye fremu, inagonga kra kra kra, baadaye kitako kinapasuka. Kabla hujaondoka kwake, geuza siti uhesabu, linganisha na matundu. Na angalia ule ulimi wa mbele umeingia kwenye nafasi yake chini ya tangi. Ukikaa juu ya bano badala ya ndani, siti inafunga nyuma vizuri kabisa ila mbele inaelea, na ukiweka mguu chini inaruka.

Mzee wa Klachi:
SUBIRINI.

Nimegeuza siti sasa hivi. Vibonge vilikuwa vinne. Vipo vitatu. Cha kushoto nyuma hakipo.

Sprei Nyekundu:
Hahahaha! Kwa hiyo siti INAINAMA kushoto!

Kijiwe Namba Tatu:
Kwa hiyo makalio yamekaa upande. Fundi alikuwa sahihi. Uzi ufungwe.

Mzee wa Klachi:
Si sahihi!! Kibonge kakitoa YEYE! Kakitoa yeye halafu kasimama mbele ya muuza mihogo akasema makalio yako! Na godoro je? Na pini? Na mteremko?

Daktari wa Cheni:
Kibonge kata ndara ya zamani, sehemu ya kisigino, unene ule ule wa vile vitatu. Toboa, pachika. Dakika tano.

Nduthi Mkongwe:
Ndara huisha haraka. Kata ukuta wa tairi kuukuu.

Chuma Chakavu:
Ukuta wa tairi ni mgumu mno, utapasua kitako. Ndara.

Nduthi Mkongwe:
Ndara ya huko kwenu labda. Ya huku ni karatasi.

Manyoya Original:
Wakati mnagombana kuhusu ndara, mwenye kujua anisaidie: helmeti ya abiria inanuka kuliko hata lile kava. Ile sponji ya ndani inatoka?

Bi Mkubwa wa Nyuma:
ASANTE. Hili ndilo lilitakiwa kuwa na uzi wake. Kitambaa cha mashavuni kwenye nyingi kina vifungo vya kubana, vuta taratibu kinatoka. Fua kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, anika kivulini. Ile nyeupe ngumu iliyo karibu na ganda usiiguse, hiyo ndiyo inapokea kishindo, na petroli au tina inaiyeyusha.

Kamanda wa Mshikaki:
Petroli inayeyusha? Mbona yangu naisafisha kwa petroli.

Chuma Chakavu:
Ndiyo maana unataka siti ndefu.

Mzee wa Klachi:
Jamani tumefikaje kwenye helmeti? Mtu katukanwa makalio hapa!

Manyoya Original:
@Bi Mkubwa wa Nyuma na kioo kikiwa na mikwaruzo kinabadilishika, au ndiyo nanunua nyingine?