Dogo anataka masta yake iwe ya majengo ya zamani ya Mwanza, hii ni elimu au napigwa?

Dada wa Mwaloni

Habarini wakuu. Naombeni mawazo, ila matusi wekeni pembeni maana humu tunajuana.

Iko hivi. Nina mdogo wangu namsomesha masta, mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba na ada yake inatoka kwenye haya haya magunia. Sasa kafika kwenye kuandika tasnifu, jumapili kaja kula kwangu nikamuuliza topiki yako nini, anajibu bila hata aibu eti majengo ya zamani ya Mwanza mjini, yaani yale maduka ya ghorofa ya Wahindi yenye mwaka umechorwa juu ukutani na yale mabaki ya Mjerumani kule mlimani. Nikajua ananitania. Nikamuuliza na mwenzako je, maana wamepanga chumba kimoja huko Malimbe, akasema yule anatafiti nani anashika hela kwenye familia za wavuvi, mume au mke. Jamani si aje tu hapa nimjibu bure bila chuo!! Na kuna mwenzao mwingine sijui anaangalia furu wanaonaje rangi kwenye maji machafu, furu huyu huyu tunayemkaanga.

Hivi risechi haina mpaka? Kila kitu kinasomewa? Na akimaliza na magofu yake ataajiriwa na nani? Mjomba kasema nisitoe ada ya semista ijayo mpaka abadilishe, achukue kitu cha maana, afya au biashara. Mi sijaamua bado ndo maana nimekuja.

Kipara wa Igoma

Mjomba ana akili sana. Ukuta umeshajengwa, unatafiti nini tena, kama umekauka? 😂 Kama anapenda majengo si angesomea uhandisi ayajenge.

Mdodosaji Mstaafu

Kipara acha utani, dada kauliza kitu serious.

Dada yangu, mimi sio msomi mkubwa ila nimekula mshahara wa kudodosa watu, nilianza na makaratasi nikamalizia na tableti, kwa hiyo nakwambia nilichoona. Pale Kisesa, barabara ya Musoma ukishapita Igoma, kuna utafiti upo tangu 1994 ambao ukiutazama juu juu ni umbea mtupu, nani kazaliwa, nani kafa, nani kaoa, nani kahamia, nani kaondoka na kwanini, kaya kwa kaya, halafu baada ya muda wanarudi wanauliza yale yale. Lakini ndo kwa njia hiyo ikajulikana ukimwi unaenda vipi kwenye familia za huku na dawa zilipokuja watu walianza kuishi muda gani. Hospitali haiwezi kukupa hiyo picha yote maana inamwona aliyekuja, aliyefia nyumbani kwake kijijini hawana habari naye.

Na mwanzoni mwa miaka ya 90 mkoa huu huu ulifanyiwa utafiti kwenye jamii 12, sita zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyao vya afya, sita zikasubiri kwanza. Kule kulikoboreshwa maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalitoka 1995 na jina la Mwanza likaenda mbali. Kitu chenyewe kilikuwa kutibu kisonono na kaswende kwenye zahanati vizuri! Mambo ambayo mtu akiyataja mbele ya wakwe anafukuzwa.

Haya sasa la nani anashika hela. Unasema ungemjibu bure, ni kweli, ila ungejibu ya nyumbani kwako. Mi nimeyauliza hayo maswali. Ukimuuliza mume mbele ya mke unapata jibu, ukimuuliza mke peke yake huko jikoni unapata lingine, ukimkuta mama mkwe ndo anakwambia wote wawili waongo, hela anashika mwenye mtumbwi. Kujua ni lipi la kuandika na umuulize nani kwanza, hiyo ndo shule yenyewe. Na sio mambo ya mchezo, kuna utafiti ulifanyika hapa Mwanza kwa akina mama wa vikundi vya mikopo, wakapewa vikao 10 vya kuongelea mahusiano na ugomvi wa ndani, wengine wakasubiri zamu yao, baadae wale walioanza wakaonekana kupigwa na waume zao kidogo kuliko wenzao. Hela na kipigo huwezi kuvitenganisha, aliyeoa au kuolewa anajua.

Furu wa Bwiru

Naona ndugu yangu furu katajwa siwezi kupita kimya.

Kuanzia 1977 Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa ghuba hii ya Mwanza wanakusanya furu, wanaangalia meno, taya, rangi, anakula nini, anakaa kina gani. Fikiria mtu katoka Ulaya anaangalia meno ya furu! Lakini miaka ya 80 sangara akalipuka kwenye ghuba, furu wakafutika karibu wote, na mpaka leo makadirio ni kwamba aina kama 200 zilipotea ziwani. Tunajua kilichopotea kwa sababu kuna watu walikuwa wameshakiandika kabla hakijapotea. Wangengoja kwanza ionekane faida yake wangekuta maji matupu na sangara.

Huyo wa rangi na maji machafu namfahamu anachofuata. Majike ya furu yanachagua dume kwa rangi, huyu mwekundu huyu wa bluu, maji yakichafuka kwa udongo na uchafu tunaomwaga hawatofautishi tena, wanazaliana ovyo na aina mbili zinageuka moja. Matokeo ya hiyo kitu yalichapishwa 1997 na sehemu ya kazi ilifanyikia visiwa vya hapa hapa kwetu, mpaka leo inafundishwa vyuo vya nje. Mmoja wa furu hao jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kapewa 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka. Dume lake lina mgongo mwekundu safi. Dada siku ukimuona kwenye dagaa wako msalimie kwa heshima.

Kipara wa Igoma

Sawa ukimwi nimeelewa, samaki nimeelewa. UKUTA JE.

Mzee wa Rwagasore

Kipara njoo kijana wangu nikujibu, na wewe binti wa Mwaloni usikie.

Jiulize kwanza zile saruji, vioo na mabati vya maduka ya zamani vilifikaje hapa. Reli ya kutoka Tabora imefika Mwanza 1928. Kabla ya hapo mzigo ulitoka Mombasa kwa reli mpaka Kisumu, reli ambayo ilifika kule 1901, halafu ukapanda meli ukavuka ziwa. Kwa hiyo mji wetu kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa bandarini na macho yake yalikuwa Kisumu na Mombasa, Dar ilikuwa mbali kuliko tunavyofikiria leo. Ukilijua hilo ukapita mjini unaanza kuelewa kwanini nyumba za zamani zimejibana karibu na maji. Halafu ikaja pamba. Hiyo miaka iliyochorwa juu ya kuta mtu akiiandika yote, mtaa baada ya mtaa, akaiweka pembeni ya bei za pamba za wakati huo, anaweza kuona mji ulijengwa lini na ulisimama lini. Sijaona mtu kakaa chini akaifanya hiyo kazi vizuri, na kuta zenyewe zinavunjwa kila mwaka, wanaweka vioo vya bluu.

Sasa sikia hapa. 1971 ikaja sheria ya serikali kutwaa majengo, nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ikachukuliwa, zikawa nyumba za Msajili wa Majumba, ndo maana watu wa umri wangu mpaka leo wanasema "nakaa nyumba ya Msajili" ingawa tangu 1990 mambo hayo yapo chini ya Shirika la Nyumba. Wahindi wengi waliondoka nchini baada ya hapo. Waliobaki wakawa wapangaji kwenye ghorofa aliyojenga babu yao. Familia moja ndugu mmoja Kanada, mwingine Uingereza, mwingine yupo hapa anauza spea. Sasa niambie huo ni utafiti wa majengo au wa familia? Na kwa upande wetu Waafrika nenda kaangalie nyumba za zamani zinazooza pale Kirumba na Mirongo, uliza kwanini hazikarabatiwi, tisa kati ya kumi utaambiwa mirathi, watoto wa mama mkubwa na wa mama mdogo hawaelewani, bati linatoboka wao wapo barazani. Mdogo wako na yule mwenzake wa chumbani wapo kwenye kitu kimoja kasoro hawajaambiana.

Mwaka huo huo 1971 ndo ilitungwa na Sheria ya Ndoa, ile inayosema mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na watu wakawachukulia ni mke na mume basi inadhaniwa ni ndoa. Na 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, nyumba ikiwemo. Kwa hiyo kumuuliza mke wa mvuvi nyumba ya nani sio swali la umbea.

Ng'wana Nyegezi

Mzee shikamoo, umemaliza. Mi naongeza ya vitendo tu maana nimetoka huko juzi juzi.

Dogo apunguze. "Majengo ya zamani ya Mwanza" supavaiza atairudisha siku hiyo hiyo, ni kubwa mno. Achukue mtaa mmoja, Rwagasore au Lumumba, au jengo moja tu, ile nyumba ya Gunzert kwa mfano, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa hapa kabla ya vita ya kwanza, aulize swali moja lenye jibu, kama nani alimiliki na nani alikaa. Mambo mengine yanapatikana kwenye kituo cha Nyaraka za Taifa kanda ya Mwanza, mafaili ya mkoloni yapo humo, akae nayo kwa subira maana vumbi lake sio la kawaida. Ya ardhi aende na barua. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unapewa nyingine ya kushuka nayo jiji, halafu kata, halafu mtaa, na usithubutu kuruka hata mmoja, mtendaji wa mtaa akikuona na kamera bila barua utaeleza mpaka jioni. Kupiga picha karibu na bandari na polisi asijaribu kabisa bila ruhusa.

Pia aangalie alichofanya mtu mwingine tofauti na yeye. Kuna Mholanzi, Corlien Varkevisser, alitafiti malezi ya watoto wa Kisukuma kijijini na hapa Mwanza mjini, kitabu kikatoka 1973, humo ndani kuna vyumba, nani analala wapi, uwani kuna nani. Mtu wa majengo akisoma hicho atapata vitu ambavyo ramani haina.

Ajira sitakudanganya dada. Makumbusho, mambo ya kale, mipango miji, utalii, nafasi ni chache na foleni ndefu. Ajifunze na ramani za kompyuta wakati anafanya hii hii kazi, hapo atauzika hata halmashauri. Ila mjomba asidhani afya ndo kuna ajira za bwerere, aulize waliomaliza.

Dada wa Mwaloni

Nimesoma zote mpaka chai imepoa. Asanteni, mzee wa Rwagasore shikamoo.

Nimempigia dogo nikamsomea ile ya Msajili, akanyamaza halafu akaniuliza "dada hiyo umeitoa wapi", yaani hakuwa nayo! Nimemwambia ada natoa ila topiki apunguze iwe mtaa mmoja na aende kwa yule mwenzake wakae waongee, na yule wa hela namkaribisha Mwaloni aje aulize wanawake wenzangu, ila asije saa ya mzigo kushuka maana atapigwa kikumbo na mabeseni. Mjomba bado sijamwambia. Kuna mtu ana mawazo ya namna ya kumwambia?

Kipara wa Igoma

Mwambie mjomba dogo anatafiti MIRATHI ya nyumba. Atakubali hapo hapo na ataanza kumtafutia na mashahidi 😂😂

Mzee wa Rwagasore

Kipara leo umesema la maana. Binti, huyo kijana mwambie anitumie ujumbe humu humu. Nina rafiki yangu alikuwa fundi mwashi, kajenga na kubomoa mjini hapa tangu ujana wake, anajua ukuta gani ni wa mawe na upi umepakwa saruji tu kwa nje, kumbukumbu bado ipo sawasawa ila masikio yamechoka. Aje asubuhi, akija mchana atamkuta amelala.

Dada wa Mwaloni

Atakuja jumamosi asubuhi mzee wangu. Na huyo fundi anakula dagaa? Nisije nikamtuma mtoto mikono mitupu.