Tupeane uzoefu: Umewahi kuiacha kazi yako njiani baada ya kuona ya mwenzako?

Mwanzisha mada, Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu wasanii wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, habari za jioni. Mimi ni mchoraji wa mabango na picha za watu. Mwaka jana mteja aliniletea picha ya pasipoti ya marehemu mama yake, imekunjika kona moja, akaomba nimchoree kubwa ya kutundika sebuleni kabla ya ibada ya kumbukumbu. Niliipiga kwa simu, nikamrudishia yake, nikachora miraba na kupaka rangi ya kwanza. Usiku huo nikaingia Instagram kutazama wengine wanavyoshughulikia ngozi ya wazee, nikakutana na kijana wa Dar es Salaam ambaye kwenye picha zake za penseli unaweza kuhesabu nywele za nyusi moja moja. Nilizima simu, nikaligeuza turubai likatazama ukuta, na kwa majuma matatu kila mteja alipopiga nilimjibu kwamba rangi haijakauka, ilhali hata kopo sikuwa nimelifungua tena.

Ibada ilifanyika bila picha yangu. Ujuzi wa kuimaliza nilikuwa nao. Kilichonishinda ni kuivumilia ile hatua ya katikati, ambapo uso bado ni mabaka ya kahawia na kila anayepita mlangoni anauliza kama huyo ni binadamu. Naomba wenzangu mliopitia hali hii mnieleze mlichofanya hasa. Methali za subira ninazo za kutosha.

Mfinyanzi, Matema, Kyela

Pole sana, kaka yangu. Mimi nilifundishwa ufinyanzi na bibi, lakini kwa karibu mwaka mzima vyungu vyangu vilipasuka motoni, na kila Jumamosi nilipokwenda soko la Lyulilo niliona akina mama wa Kikisi wakiteremsha kwenye mitumbwi vyungu vyembamba vyenye nakshi nyekundu, hakuna hata kimoja chenye ufa. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mkono wangu una mkosi.

Siku moja nililala kwa shangazi kule Ikombe. Asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji, nikakuta rundo la vigae limefika kiunoni. Vilikuwa vyake vyote, tena vingine vina nakshi nzuri kuliko vile alivyouza. Sokoni huletwa vyungu vizima tu, na mimi nilikuwa nikivipima hivyo dhidi ya rundo langu lote. Shangazi hakunifariji hata kidogo, aliniuliza tu nilianika siku ngapi. Nilikuwa nikianika siku nne wakati wa masika, na unyevu unaobaki ndani ya udongo ukikutana na moto hugeuka mvuke na kupasua chungu. Siku hizi kila kigae nakiandika kwa mkaa idadi ya siku nilizoanika, nakiweka karibu na mlango. Ninapoanza kujidharau huwa nakwenda kuvisoma, na mara nyingi nakuta kosa lina jina na halihusiani na kipaji.

Msukaji wa vikapu, Iringa

Mwanangu, mimi sikuacha kazi, mimi nilifumua. Mnunuzi alikuja kijijini kwetu, akachagua vikapu kumi na viwili vya jirani yangu na viwili tu vya kwangu. Tangu siku hiyo kila nilipofika katikati ya kikapu niliona mistari imepinda, nikafumua na kuanza upya. Wanaojua milulu, yale majani tunayosukia vikapu, watanielewa: ikishasukwa na kufumuliwa huchoka, hukatika mkononi, hivyo kikapu cha tatu kilikuwa kibaya kweli kweli, na lawama zote nikajitwisha mimi. Sasa nimejiwekea sharti kwamba kikapu kikishavuka kitako hakifumuliwi; kosa la leo litasahihishwa kwenye kikapu kinachofuata. Sitawadanganya, jirani yangu akisifiwa bado huwa nainuka kwenda kuangalia chungu cha maharage.

Mchoraji, Songea

Naomba nitofautiane kidogo na walionitangulia, kwa sababu tunazungumza kana kwamba kutazama kazi ya mwenzako ni ugonjwa. Edward Said Tingatinga, mtu wa huku kwetu Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 36 hivi, kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao, na mwaka 1972 akafariki. Miaka ile minne isingezaa mtindo unaojulikana duniani kama vijana waliokaa karibu naye wangeona haya kumwiga. Waliiga waziwazi, na waliodumu wakapata mikono yao wenyewe baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, ndugu wa Mwanjelwa, ni kwamba uzichukue zile nyusi za kijana wa Dar, uzichore mara ishirini kwenye karatasi ya bure, utajua amezifanyaje. Mimi hukoma kumwogopa mtu ninapofahamu anaanzia giza au mwanga. Lakini usifanye hivyo usiku ule ule unaofanyia kazi ya mteja, hapo ndipo ulipokosea.

Mwimbaji, Tukuyu

Mimi bado sijapata dawa. Nyumba yangu ni ya bati, na mvua ya Tukuyu mnaijua, kwa hiyo hurekodi katika vipindi vifupi inapokatika, nasikiliza, nalinganisha na nyimbo zilizorekodiwa studio, nafuta. Mwezi huu nimefuta kumi na moja. Nikisoma habari ya vigae najiuliza kama sikupaswa kuzitunza.

Mwanzisha mada, Mwanjelwa, Mbeya

Dada wa Tukuyu, zitunze, hata kama ni za kusikiliza peke yako.

Nawashukuru wote, na mama wa Iringa shikamoo. Leo jioni nimeligeuza turubai. Nililitazama kwanza kupitia kioo cha kunyolea, maana picha ikigeuzwa kushoto kulia makosa hujitokeza, nikaona kwamba jicho la kushoto limekaa juu kidogo na taya limezidi upana. Ni makosa mawili, na kwa miezi yote hii nilikuwa nikiamini ni uso mzima. Nimerekebisha taya, jicho nimeliacha la kesho mchana. Halafu nimempigia mteja na kumweleza ukweli kuhusu ile rangi isiyokauka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nilete tu, msumari alioupigilia kwa ajili ya picha bado uko ukutani.