Kukagua sukuma wiki katika jiko la kosher (linalofuata sheria za Kiyahudi za chakula)

Swali: Ndugu zangu, ninapikia familia ya Kiyahudi hapa Westlands, Nairobi, na sukuma wiki ninayonunua soko la Marikiti hubaki na vidukari hata nikiiosha mara mbili. Nifanyeje?

Jibu: Dada, Torati inakataza kula wadudu, hivyo kuosha bila kukagua hakutoshi. Loweka majani katika maji yenye sabuni kidogo ya vyombo ili vidukari waachie, kisha suuza kila jani pande zote mbili na ulitazame kwenye mwanga, hasa katika mikunjo na kando ya mshipa wa kati, ambako hujificha.

Jibu: Kabeji nayo ibanduliwe jani moja moja. Brokoli nimeiacha kabisa, kwa kuwa vichwa vyake ni vigumu mno kukagua.

Swali: Asanteni sana. Na mdudu aliyekwisha kufa?

Jibu: Naye amekatazwa, dada.