Mnaouza "ziara ya mahekalu" Bangkok, acheni kutuuzia hewa

Wakuu, hasira bado ninazo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi naenda Bangkok mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo wa nguo Pratunam. Siku zote ni hoteli, soko, kago, uwanja wa ndege, basi. Safari hii nikasema na mimi niwe mtalii japo siku moja. Wakala anayenikatia tiketi hapa Kariakoo (simtaji, yeye anajijua) akaniambia ana pakeji: gari, mwongozaji, viingilio vyote humo humo, dola 80. Nikalipa keshi.

Siku ikafika, nimekaa mapokezi tangu saa mbili asubuhi. Saa nne hakuna gari wala mtu. Simu ya wakala inaita weee, haipokelewi. Muda wote huo nilikuwa nasoma habari za Wat Phra Kaew, hekalu lililo ndani ya Kasri Kuu, anakokaa Budha wa Zumaridi, sanamu yao maarufu. Kumbe zumaridi ni jina tu, ni jiwe jingine la kijani, kimo chake sentimita 66, na mfalme mwenyewe ndiye humbadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Nikapata hamu, nikachukua teksi mwenyewe.

Hata lango sijalifikia, nikadakwa na jamaa wa shati jeupe, kitambulisho shingoni, maneno laini. Eti leo sikukuu, watawa wanasali, wageni hawaingii mpaka saa saba. Ila bajaji ile pale itakuzungusha mahekalu mengine kwa baht 40, hela ya kule. Bei chee hiyo peke yake ingetosha kunishtua. Mtoto wa mjini mimi, nikapanda.

Hekalu la kwanza dakika tano. "Hekalu" la pili likawa duka la vito. Muuzaji akaniletea trei nzima ya tanzanaiti, akanieleza kwa upole kwamba mawe haya yanatoka sehemu moja tu duniani, huko Afrika, ninunue kwake nikauze kwetu nipate faida. Wakuu, mimi nimezaliwa Arusha! Mererani yanakochimbwa naenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilicheka mpaka machozi, yule bwana akanuna. Dereva naye akanuna, maana kamisheni yake ilikuwa imeota mbawa. Akajaribu tena kwa fundi wa suti. Nilipokataa na huko, akaniteremsha mtaa nisioujua.

Narudi Kasri ni saa kumi kasoro. Tiketi mwisho saa tisa na nusu. Na kuna tangazo pale pale linasema kasri liko wazi kila siku, msiwasikilize watu msiowajua. Asubuhi lilikuwepo vile vile. Hilo langu, nalibeba.

Ila mwongozaji niliyemlipia kazi yake nini kama si kunivusha hapo? Hata kwamba mabega na magoti lazima yafunikwe sikuambiwa. Nilikuwa na kaptula, nikanunua suruali ya picha za tembo barabarani ili niingie Wat Pho, hekalu la hapo jirani. Kiingilio baht 300, mfukoni mwangu.

Na Wat Pho ni ya kwenda, nisiseme uongo. Sanamu ya Budha aliyelala ina urefu wa mita 46 na kimo mita 15, nguzo zinakukinga, kwa hiyo humwoni wote kwa mkupuo: uso kwanza, halafu unatembea, unatembea, mpaka nyayo zilizonakshiwa alama 108 kwa magamba ya chaza. Nyuma yake kuna vyungu 108 vya shaba, watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, ule mlio unajaza ukumbi mzima. Nilisahau dola zangu kama nusu saa hivi.

Kisha nikasikia Kiswahili. Vijana wawili, mmoja kajilaza sakafuni kumwiga Budha apigwe picha. Mlinzi akaja juu. Nikawaambia, jamani, huyu hajapumzika, huyu ni Budha saa ya mwisho wake, anakufa na kuingia nirvana, ule ukombozi wa mwisho wa imani yao. Ni sawa na mtu kuja msibani kwako akaigiza maiti. Wakaniambia hawakujua, hakuna aliyewaeleza. Nao wamelipa pakeji.

Nimerudi Dar wiki ya pili hii. Kwanza wakala alisema mwongozaji aliumwa. Halafu hela ilishatumwa kwa "mwenzake wa kule". Jana nimemtumia picha ya tiketi niliyojinunulia, kajibu: "Bosi, lakini sanamu si uliiona?"

Nataka dola 80 zangu. Risiti ni kikaratasi cha kuandika kwa kalamu, hata Bangkok kaikosea herufi. Aliyewahi kudai hela kwa kikaratasi cha namna hii akalipwa, anielekeze alianzia wapi.