Mitungi ya kuzimia moto katika nyumba ya wageni, Mji Mkongwe: idadi, aina na ukaguzi

Bi Shangani ameuliza:

Assalamu alaykum. Ninasimamia nyumba ya wageni Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya mawe yenye dari za boriti na ngazi moja tu ya mbao inayopanda kutoka chini hadi juu. Chini pana mapokezi na chumba kidogo cha boksi la umeme, na uwani kuna jenereta ya dizeli. Ghorofa mbili zinazofuata ni vyumba vya kulala, na juu ya paa, chini ya banda la makuti, pana mgahawa wenye jiko la gesi na makarai mawili ya kukaangia. Kila sakafu ina ukubwa wa mita za mraba 180 hivi.

Muuzaji mmoja ameniletea bei ya mitungi 12 ya unga (poda kavu ya kuzimia moto), ya kilo 6 kila mmoja, akaniambia kuwa hiyo ndiyo "sheria ya OSHA" na kwamba bila ya idadi hiyo sitapita ukaguzi. Ninaomba wenye ujuzi wanieleze kama ni kweli sheria inataja idadi, na kama unga peke yake unatosha kwa mahali pa kazi kama hapa. Aidha, msimamizi aliyenitangulia ameniachia mitungi minne ambayo mishale yake ya kuonesha msukumo bado iko kwenye kijani, lakini vitako vyake vimeota kutu. Je, inafaa kujazwa upya?

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Wa alaykumu salaam, Bi Shangani. Nianze na sheria, kwa sababu hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapotishwa. OSHA ni wakala wa usalama na afya mahali pa kazi wa Tanzania Bara na unafanya kazi chini ya Sheria Na. 5 ya 2003, ambayo ni ya Bara. Masuala ya kazi na ajira si ya Muungano, kwa hivyo huku kwetu inayotumika ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005, na kwa upande wa moto mwenye kauli ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, ambacho ni miongoni mwa Idara Maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Muuzaji anayekutajia OSHA kwa nyumba iliyopo Unguja ama hajui anachokisema au anajua na anataka usijue wewe. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, nenda Kikosi ukaombe ofisa aje atembee jengo zima pamoja nawe, kisha umwambie muuzaji akuletee kile ambacho ofisa amekiandika.

Ili usiende mikono mitupu, ni vyema ujue hesabu inavyopigwa. Kiwango cha Uingereza, BS 5306, ambacho mafundi wengi wa fani hii hukifuata, kinataka kila sakafu iwe na angalau mitungi miwili ya kuzima moto wa vitu vikavu kama mbao, nguo na magodoro, na nguvu zao zikijumlishwa zisipungue 26A (herufi A ndiyo ya moto wa vitu vikavu). Namba hiyo imechapishwa kwenye lebo ya mtungi wenyewe, na mtungi wa povu wa lita 6 mara nyingi huandikwa 13A, hivyo miwili inatimiza 26A, kiasi kinachotosha sakafu ya hadi mita za mraba 400. Vilevile mtu asilazimike kutembea zaidi ya mita 30 kuufikia mtungi. Wamarekani katika kiwango chao, NFPA 10, wanaikaza hadi kiasi cha mita 23. Kwa nyumba zetu za Mji Mkongwe umbali huo si tatizo. Tatizo letu ni ngazi moja.

Ghala la Chake amejibu:

Ninamuunga mkono Mzee Mstaafu kuhusu sheria, lakini ningependa kumtetea muuzaji kidogo kwa upande wa unga. Mimi nipo Chake Chake, kwenye ghala la karafuu na magunia, na mitungi yetu karibu yote ni ya unga. Unga wa ABC unazima vitu vikavu, unazima petroli na dizeli, unazima moto wa gesi, na hauongozi umeme. Mfanyakazi mgeni hahitaji kusimama akasoma lebo wakati moshi umeshamfika puani: anachomoa pini, anaelekeza mdomo wa bomba kwenye shina la moto, anabana mkono, anafagia kulia na kushoto. Jambo la pili ni upatikanaji, kwani huku Pemba fundi wa kujaza unga utampata, ilhali ukitaja povu anakwambia usubiri mpaka vifaa vivuke kutoka Unguja au Dar es Salaam. Mtungi uliojaa wa aina ya kawaida ni bora kuliko mtungi mzuri ulio mtupu.

Mpishi wa Forodhani amejibu:

Kaka wa Chake, ghalani sawa, lakini jikoni hapana. Dada Shangani, tafadhali usiyalinde makarai yako kwa unga. Nimeshuhudia karai la mafuta likipigwa unga: moto ulizimika mara moja, watu wakashusha pumzi, na kabla wingu halijatulia ukawaka tena kwa nguvu zilezile. Sababu yake si uchawi. Mafuta ya kukaangia yakipindukia nyuzijoto 340 hivi hujiwasha yenyewe bila ya kuguswa na moto, na unga hauyapozi, kwa hivyo yakikutana tena na hewa huwaka upya. Maji ndiyo balaa kubwa zaidi, kwa sababu yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha juu yakiwa yanawaka. Gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) nayo hutoka kwa kasi inayoweza kuyamwaga mafuta nje ya karai.

Kinachotakiwa ni mtungi wa kemikali ya majimaji, wenye ukanda wa njano na herufi F kwenye lebo, yaani moto wa mafuta ya kupikia. Ndani yake mna chumvi za potasiamu, nazo zikigusa mafuta ya moto hufanya utando mithili ya povu la sabuni juu yake, ukaifungia hewa nje huku mafuta yakipoa chini. Bomba lake ni refu na linanyunyiza taratibu ili mafuta yasirukeruke. Pamoja nao tundika blanketi la kuzimia moto, lakini si ukutani nyuma ya jiko, maana hutaweza kulifikia pasi na kupitisha mkono juu ya moto. Na moto wa mtungi wa gesi ya kupikia, kwanza fungeni vali. Mkiuzima huku gesi inaendelea kutoka, mtakuwa mmeondoa moto mkabakisha gesi inayotafuta cheche nyingine.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Mpishi amenipunguzia kazi. Ndugu yangu wa Chake, hoja ya upatikanaji ni ya haki, na kwa ghala lenye milango mipana sina ugomvi na unga. Lakini fikiria ushoroba mwembamba wa nyumba ya wageni saa nane za usiku. Mtungi wa kilo 6 humwaga unga wake wote kwa sekunde 10 hadi 20, na unga huo haubaki kwenye moto. Unajaza ushoroba, unapanda ngazi, na mgeni asiyeijua nyumba anafungua mlango akakuta ukuta mweupe mbele ya macho na kikohozi kifuani. Ndiyo maana kiwango hicho cha Uingereza kinashauri unga usiwekwe ndani ya majengo ila baada ya tathmini ya hatari kuonesha kuwa madhara yake yamedhibitiwa. Juu ya hayo, unga wa ABC ni fosfati inayovuta unyevu, na ukishaingia kwenye kompyuta ya mapokezi na bahari ipo hatua chache tu, hesabu kuwa kompyuta hiyo imekwenda.

Kwa maelezo uliyotoa, Bi Shangani, mimi ningependekeza kwa ofisa hivi. Chini na katika ghorofa mbili za vyumba, mitungi miwili ya povu ya lita 6 kwa kila sakafu, iwekwe karibu na kichwa cha ngazi, ili anayeutumia awe amekipa mgongo kituo cha kutokea na moto uwe mbele yake. Mlangoni mwa chumba cha boksi la umeme, nje na si ndani, mtungi wa gesi ya kaboni wa kilo 5. Anayeutumia azime kwanza swichi kuu kama inafikika, asishike pembe ya kutolea gesi kwa mkono mtupu kwa sababu hupata baridi ya kuunguza ngozi, na akishamaliza atoke afunge mlango, kwani gesi ile inaondoa hewa ya kuvuta katika chumba kidogo. Uwani kwa jenereta, hapo weka unga wa kilo 6. Ni mahali pa wazi na hatari yake ni dizeli. Juu ya paa, mtungi mmoja wa kemikali ya majimaji, blanketi, na miwili ya povu kwa ajili ya meza na viti.

Ukijumlisha utaona ni 11, yaani muuzaji wako hakuwa mbali sana kwa idadi. Kosa lake liko kwenye aina.

Kuhusu makuti nitasema waziwazi: makuti makavu yakishika moto na upepo wa kaskazi unavuma, mtungi wa lita 6 ni wa kumfungulia mtu njia ya kushuka, si wa kuliokoa banda. Wafundishe wafanyakazi wa juu kuwateremsha wageni kwanza.

Ile mitungi minne ya kutu usiijaze. Mtungi wa unga au povu hukaa na msukumo wa bar 12 hadi 15, na kitako ndicho kinachoshikilia maji ya kudekia na chumvi ya hewa. Chuma kikishaliwa hapo, hatari yake inakuwa kwa yule anayeubeba. Mshale kuwa kwenye kijani unaonesha msukumo tu, hauoneshi hali ya chuma wala kama unga umeganda. Nao mshale wenyewe unaweza kunata kwa kutu.

Bi Shangani ameandika:

Nawashukuruni nyote. Nimemwandikia muuzaji kwamba nasubiri ukaguzi wa Kikosi. Nimebakiwa na maswali mawili: mtungi wa gesi ya kaboni hauna mshale, sasa nitajuaje kama umejaa? Na ile ya juu ya paa itapigwa na jua na hewa ya bahari mwaka mzima; niitunze vipi?

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Gesi ya kaboni hukaa mtungini ikiwa imegeuka majimaji, na msukumo wake hufuata joto kuliko kiasi kilichomo, kwa hivyo mshale usingekusaidia. Unapimwa kwa mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake au umeandikwa kwenye lebo, na ikiwa gesi imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, unajazwa. Fundi anayekuja bila ya mizani, akafuta vumbi na kubadilisha kadi ya ukaguzi, hajafanya ukaguzi, na usimsainie.

Kila mwezi wewe mwenyewe au mfanyakazi uliyemteua atazame pini na lakiri yake, mshale, bomba na kitako, kisha aandike tarehe na jina. Fundi aje kila mwaka. Kwa kiwango cha Uingereza, mtungi wa povu na wa unga hufunguliwa, kumwagwa na kujazwa upya kila baada ya miaka 5, na wa gesi ya kaboni hupimwa upya kwa msukumo kila baada ya miaka 10. Wamarekani wanaupima huo kila baada ya miaka 5. Kwa hewa yetu hii mimi huwashauri watu wafuate muda mfupi.

Ya juu ya paa iwekwe ndani ya kabati lenye mlango usio na kufuli, upande wa kivuli, isikae juu ya sakafu. Mizito itundikwe mkono wake ukiwa kiasi cha mita 1 kutoka chini, na ile ya kilo 4 kushuka chini inaweza kufika mita 1.5.

Mpishi wa Forodhani ameongeza:

Na kabati hilo, dada, liwe upande wa ngazi. Mara nyingi nakuta limewekwa pembeni kabisa nyuma ya jiko ili lisiharibu mandhari ya picha za wageni.