Naomba ushauri: ndugu waliotukataa, kwenye maombi ya kuasili mtoto Uingereza

Habari zenu wapendwa. Sisi ni wanawake wawili, wenza, tunaishi Leeds na tunaomba kuasili mtoto kwa pamoja. Sheria inaruhusu tangu Desemba 2005, hapo hakuna shida. Hatua ya kwanza imepita: vipimo vya afya, wadhamini 3, hati ya tabia njema kutoka Kenya. Hatua ya pili, ya miezi 4, ndiyo imetukwamisha, kwenye orodha ya watu tutakaowaegemea.

Afisa ustawi wa jamii anataka kujua nani atakuja usiku mmoja wetu akilazwa, nani atamchukua mtoto shuleni. Tumewaandika majirani wawili na dada yangu wa Bradford. Bado anauliza kuhusu wazazi wa mwenzangu, Mombasa, ambao wamekata mawasiliano. Namwelewa: mtoto aliyekwisha kuhamishwa nyumba hadi nyumba asije akakataliwa tena na watu anaowaita babu na bibi.

Mliopitia haya, mlielezaje habari za ndugu wa namna hii kwenye ripoti ya jopo, yaani kamati inayopendekeza kama mwombaji anafaa kuasili? Na je, rafiki wa karibu anapewa uzito sawa na ndugu wa damu?