Dreni imeacha kutoa damu, nisubiri mpaka asubuhi?

Mleta mada: Wakuu, msaada wa haraka. Mgonjwa katoka thieta saa 10 jioni. Hadi saa 3 usiku balbu ya dreni (mrija wa kutoa damu kwenye kidonda) ilishafika mililita 260, damu nyekundu, sijaimwaga. Saa hii nzima imeongeza 5 tu. Mapigo 104, himoglobini 10. Nimwekee dripu nisubiri asubuhi?

Kisu Butu: Upasuaji wa nini? Mbona umeruka hapo?

Mleta mada: Titi limeondolewa lote, na tezi za kwapani.

Shangazi wa Wodi: Watu wanapenda kuacha dreni siku kumi. Ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, itoeni! Mrija ukikaa sana unaingiza wadudu.

Kisu Butu: Shangazi, huyu ana saa sita tu tangu atoke thieta. Mleta mada, damu ya 260 kushuka ghafla hadi 5: ama mshipa umeziba, ama mrija umeziba kwa bonge. Ukamue mrija, kisha pandisha nguo utazame kifua. Na himoglobini isikudanganye, haishuki mpaka maji yaizimue damu. Dawa gani amepewa?

Mleta mada: Enoksaparini, ya kuzuia damu kuganda, miligramu 80, saa 12 jioni. Alikuwa na bonge la damu mguuni mwezi uliopita. Na nimeibana dreni tangu saa 3, ili shinikizo lizibe mshipa. Kwenye goti wanabana, sioni kosa.

Fundi Uzi: Hayo ndiyo ulitakiwa kuanza nayo! Goti ni chumba kidogo chenye kuta ngumu. Chini ya ngozi iliyochunwa ya kifua damu inajitandaza, lita nzima inaingia, na ngozi ikitanuka sana inakosa damu na kufa. Dreni ni mfereji tu, haizibi mshipa. Achia kibanio. Mpe protamini ya kuipinga hiyo dawa, miligramu 1 kwa kila miligramu 1 ya enoksaparini, ndani ya saa 8, polepole. Ila haiondoi nguvu yote.

Mzee Koleo: Traneksamiki, dawa ya kulinda bonge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwa dakika 10, mambo yaishe.

Fundi Uzi: Kwa mwenye bonge mguuni? Bosi wake aamue hilo.

Bila Shaka: Ngojeni. Balbu inachukua mililita 100. 260 zimeingiaje bila kumwagwa? Hili ni swali la mtihani, tunamfanyia mtu kazi ya nyumbani.

Mzee Koleo: 😂 Balbu ya mpira wa miguu hiyo.

Mleta mada: Ni chupa ya utupu, nimeandika balbu kwa mazoea. Sina mtihani wowote.

Kisu Butu: Basi tazama kile kifuniko cha mpira juu ya chupa. Kimebonyea au kimenyanyuka?

Mleta mada: Kimenyanyuka.

Kisu Butu: Utupu umekwisha. Hata usingebana, isingefyonza kitu. Badilisha chupa.

Mleta mada: Nimeachia, nimebadilisha. 140 kwa dakika chache, na mabonge. Kifua kimevimba upande wa juu, mapigo 118, presha 92/58. Nilidhani ni bandeji.

Fundi Uzi: Arudi thieta. Krosimachi (pimeni damu ya kumwongezea kama inapatana na yake) yuniti mbili, sindano kubwa mbili mkononi, mkono wa upande mwingine. Mpasheni joto, mwili baridi haugandishi damu. Wakifungua watoe mabonge yote, watazame vitawi vya mishipa vinavyotokeza kando ya mfupa wa kifua, vinajificha misulini. Wavishone, wasiviunguze tu. Presha irudi kawaida ndipo wafunge.

Mleta mada: Nampigia bosi. Atauliza kwa nini nilibana.

Bila Shaka: Mwambie pia saa uliyompa enoksaparini. Hilo ataliuliza kwanza.